Mtu Ndani ya Bomba

Tangu aingie ofisini na mama yake, Daktari alikuwa amemwita Nukta "dada" mara nyingi mno, hata Nukta akaanza kutamani kumtwanga na kibodi.

"Dada, samahani, mama anauliza kama ukuta huu unaweza kuwa mweupe zaidi."

"Unaweza, kaka."

"Asante sana, dada."

Dada! Mtu huyu huyu jana jioni alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba anayopanga Nukta, akimbembeleza kwa majina matamu ambayo hata mtoto mchanga angeona yamepita kiasi. Na Nukta alikuwa amelainika, lakini kwa sharti.

"Kesho mama yako anakuja kuangalia picha ya bafu," alimwambia. "Akitoka ofisini bila kujua mimi ni nani kwako, usipande tena ngazi hizi. Mimi si waya wa umeme, nifichwe ukutani."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishalipenda bafu. Mama akiwa na furaha, masikio yake hufunguka."

Basi hapo ndipo mambo yalipofikia: ndoa ya watu wawili imening'inia kwenye bafu ambalo hata msingi wake ulikuwa haujachimbwa.

Kazi ya Nukta ilikuwa kuchora kwa kompyuta vyumba visivyojengwa bado, vikaonekana kama vimepigwa picha. Jina la Nukta alipewa na wenzake kwa sababu picha haikutoka mikononi mwake mpaka ameikagua nukta kwa nukta. Daktari alikuwa daktari wa mifugo. Alikuja pale kuomba achorewe bafu la nyumba aliyotaka kuijenga, nyumba ambayo mama yake mwenye goti bovu angehamia. Walianza kwa kubishana kuhusu kigae, wakaendelea kubishana kwenye simu, na siku moja wakagundua kwamba kigae kilikwisha amuliwa zamani na bado wanapigiana.

Na mama? Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani mipana, aliyesimamia mitihani hadi walimu wenzake wakaapa kwamba alikuwa akinusa kikaratasi cha majibu kikiwa ndani ya soksi. Daktari aliwahi kumlaza chini fahali mwenye hasira kwa kamba na maneno ya upole. Mbele ya mama yake alikunja magoti kama aliyeitwa ubaoni.

Mama huyo alikwisha gundua kwamba kuna mwanamke anayempigia simu mwanawe mpaka kijana anatabasamu peke yake mezani. Hukumu alikuwa ameitoa siku hiyo hiyo: "Simjui na simtaki. Nikimjua nitamkataa kwa sababu."

Sasa alikuwa ameketi kando ya huyo asiyemtaka, bega kwa bega, fimbo yake imelala mapajani, akitazama skrini.

"Binti," alisema, "hapa ni bafu au chumba cha maiti?"

Daktari alikohoa. Nukta hakukasirika, kwa sababu alikuwa akijiuliza swali lile lile tangu asubuhi.

"Kosa ni la taa zangu, mama. Nimezitundika zote darini, zote zina nguvu moja. Hakuna kivuli, kwa hiyo hakuna kitu kinachokaa mahali pake. Sinki linaonekana kama limebandikwa kwa gundi."

"Na vigae ni kama vya plastiki."

"Ni kweli."

Mama aligeuka akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na ubishi haukuja.

"Mimi nataka mwanga wa asubuhi," alisema kwa sauti iliyopungua ukali. "Mwanga wa mtu aliyeamka mzima."

"Ninao," alisema Nukta.

Kweli alikuwa nao. Jumapili iliyopita alikuwa amepanda juu ya paa la nyumba anayopanga, pale wapangaji wanapoanika nguo, akasimamisha kamera inayozunguka yenyewe taratibu na kupiga kila kilichoizunguka: anga, kuta za majirani, jua likichomoza. Picha kama hiyo huvishwa nje ya chumba kilichochorwa kama foronya inavyovishwa mto, na mwanga wake wa kweli ukaingia kupitia dirishani. Nukta mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji asionekane. Alikuwa amemwambia Daktari ashuke mpaka kamera imalize, na Daktari akashuka. Ndivyo alivyoamini.

Alizima taa zake za darini, akaivisha ile picha ya paa, akaiacha kompyuta ipike. Pale ofisini walisema picha inapikwa, maana ilianza kama uji wa nukta za kijivu, kisha ikatulia kidogo kidogo mpaka ikaiva.

Ilipoiva, mama aliinamia skrini. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la upande wa kulia, likateleza juu ya ukingo wa sinki, likaanguka sakafuni kwa umbo la dirisha lililopinda. Kona za chumba ziliingiwa na kivuli laini. Ukuta ulioonekana kama karatasi sasa ulikuwa na upande wa joto na upande wa baridi.

Daktari alisahau kwamba yeye ni kaka. Hakutazama picha, alimtazama aliyeichora, kwa macho yale ambayo mtu huyaweka kwa kitu anachojua si chake bado. Nukta aliyahisi kwenye shavu lake, akajilazimisha kubaki na kipanya.

"Sasa hapa mtu anaweza kuoga," alisema mama.

Daktari alivuta pumzi. "Mama, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Subiri. Vigae bado."

Daktari akairudisha pumzi ilikotoka.

Nukta akaenda kwenye vigae. Alieleza huku akifanya: kigae cha kweli hakiko sawasawa, kina sehemu inayoteleza na sehemu yenye gamba, maji yakikaukia yanaacha alama. Akavipa vigae vya ukutani mawimbi madogo sana. Vya sakafuni akavitia mikwaruzo ili mguu usiteleze. Kwenye mistari kati ya kigae na kigae akapunguza weupe, kama sehemu iliyokwisha oshwa mara nyingi. Mama alikuwa akinyanyua kidole kila mara, "hapo," "sasa punguza," "usiniwekee uchafu mwingi, mimi nasugua," na Nukta akifuata, na kwa dakika kadhaa wanawake wale wawili wakawa wanafanya kazi pamoja kwa raha kabisa, Daktari amesahauliwa nyuma yao kama mkoba.

"Bomba," alisema mama. "Bomba limefifia. Nataka ling'ae."

Nukta akaliongezea mng'ao. Kwenye tumbo la bomba, mahali linapopinda, kikatokea kidoa.

Alidhani ni makosa ya kupika. Akakisogelea. Kidoa kilikuwa na miguu.

Akakisogelea tena. Kilikuwa mtu, mrefu, amepindishwa na umbo la bomba kama tambi, mikono juu. Mdomoni kulikuwa na kitu kama vibanio vya nguo.

Kwa hiyo Daktari hakushuka siku ile. Wakati yeye amejibanza nyuma ya tangi la maji, huyu bwana alikuwa amerudi kuanika nguo, kamera ikampitia, na sasa yumo ndani ya mwanga wenyewe.

"Mama, unajua," alisema huku akiurudisha mng'ao chini upesi, "siku hizi watu wanapenda bomba lisilong'aa. Ndio mtindo."

"Bomba lisilong'aa ni bomba chafu. Rudisha."

"Kaka," Nukta alisema bila kugeuka, "hebu naomba uangalie hapa kwenye bomba. Nahisi kuna taka."

Daktari aliinama kati yao. "Sioni taka yoyote, dada. Bomba liko safi kab—" Masikio yake, ambayo Mungu alimpa bila ubahili, yakabadilika rangi.

"Liko safi?" aliuliza mama.

"Liko... lina hali yake."

Nukta alikuwa tayari amekumbuka jambo baya zaidi. Ukutani kulikuwa na kioo, kikubwa, kinachotazamana na dirisha. Bombani mtu alikuwa tambi. Kwenye kioo angesimama wima. Bila kufikiri, alikijaza kioo chote mvuke.

"Umefanya nini?"

"Nimeweka mvuke, mama. Kama mtu ametoka kuoga maji ya moto. Inaleta uhai."

"Mimi naoga maji ya baridi. Futa mvuke."

"Lakini picha inapendeza ikiwa na..."

"Binti, nimesimamia mitihani maisha yangu yote. Mtoto anapofunika karatasi kwa mkono, huwa sitaki kusikia habari za uhai. Futa mvuke."

Nukta akaufuta. Kompyuta ikaanza kupika. Hakujawahi kuwa na picha iliyopikika polepole namna ile. Kwanza kioo kilikuwa uji wa nukta. Kisha dirisha likajitenga, buluu. Kisha ndani ya buluu, nje ya dirisha la bafu, pakaanza kusimama mtu. Daktari alipapasa mezani akitafuta kitu cha kuangusha, hakupata ila kalamu, akaiangusha. Hakuna aliyeiinamia.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio wake, akaivaa tena.

"Kuna mwanamume," alisema taratibu, "anachungulia bafu langu."

"Hao watu wa kwenye kompyuta huja na programu, mama," Daktari alisema haraka. "Unachagua tu. Kuna mwanamume, kuna mwanamke, kuna mbwa..."

"Na masikio yale nayo yanakuja na programu?"

"Wanafanana tu."

"Nimeyaosha mimi masikio hayo. Nyuma hukuwahi kuyaosha mwenyewe hata siku moja. Naweza kuyatambua gizani kwa kuyashika." Alisogeza uso karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Lakini si hayo yanayonishangaza. Anafanya nini pale?"

"Anaanika," mama akajijibu. "Mwanangu anaanika nguo. Na vibanio ameviuma vizuri, kama aliyezoea. Nyumbani kwangu, ukimwambia aanike soksi, mgongo unamuuma." Akagusa skrini kwa kidole. "Na hiyo anayoianika ni gauni. La njano. Lina mfuko mmoja tu, upande wa kushoto."

Kisha, polepole kuliko picha ilivyopikika, aligeuza kichwa akamtazama Nukta kuanzia shingoni hadi magotini. Nukta hakuwa na haja ya kujitazama. Alijua alivaa nini siku hiyo. Alijua mfuko uko upande gani.

"Dada," Daktari alisema, "si unaweza kumtoa huyo mtu kwenye picha?"

Kama angemwagiwa maji ya beseni, Nukta asingeshtuka zaidi. Woga wote ulimtoka, pakabaki hasira safi, na chini ya hasira kitu kilichouma. Hapa ndipo alipofika mtu aliyemwita majina matamu kwenye ngazi: mama yake ameshamwona, ameshamtambua hadi masikio, na bado anaomba kufutwa.

Aliweka mkono juu ya kipanya.

"Naweza kukutoa," alisema. "Ni kubonyeza mara moja. Anga litajifunga hapo uliposimama, wala hakuna atakayejua ulikuwepo. Lakini nikikutoa hapa, ujue nimekutoa na kwingine. Sema tu. Nikutoe?"

Mama hakuingilia. Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo, akawatazama kama anavyotazamwa mtahiniwa aliyebakiwa na swali la mwisho.

Daktari alitazama kidole cha Nukta juu ya kipanya. Kilikuwa kikitetemeka kidogo sana, na pengine ndicho kilichomfanya asimame, maana alikuwa mtu aliyezoea viumbe wasiosema panapowauma.

"Usinitoe," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu pale juu ya paa nilikuwa na furaha." Akamgeukia mama yake. "Mama, huyu si dada."

"Najua si dada. Nilizaa mtoto mmoja."

"Ndiye anayenipigia simu. Nikitabasamu mezani, ndiye. Nimekuwa nikimficha, na si kwa sababu yake, ni kwa sababu yangu. Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Mama, mbwa wa jirani hubweka akishahakikisha umepita."

Mama alikubali ukweli huo kwa kuinamisha kichwa. Kisha akamwelekea Nukta.

"Na wewe unamtaka huyu?"

"Namtaka, mama. Ila leo amenikasirisha."

"Hiyo utaizoea." Aligonga fimbo sakafuni mara moja, si kwa hasira. Alipoendelea, sauti ya ualimu ilikuwa imemtoka. "Nilimwambia simtaki huyo mwanamke, na bado sijui kama ninamtaka. Nimeona yanavyokwenda kwa rafiki zangu. Kwanza anaingia mke. Kisha chumba cha mama kinahitajika kuwekwa masanduku, kwa muda tu. Kisha mama anaambiwa kwamba kule kwa mdogo wake kuna hewa nzuri. Rafiki zangu wengi sasa wanavuta hewa nzuri."

Daktari alitaka kusema kitu, Nukta akamzuia kwa kiganja.

"Mama, mimi siwezi kukuapia mambo ya miaka ijayo," alisema. "Ninachokijua ni bafu hili. Najua goti lako linakataa kupinda likifika kiasi fulani, ndiyo maana kuna kiti cha saruji pale pembeni, nikakiinua mara tatu. Najua ukisimama unaegemea kushoto. Nilijua urefu wa mkono wako kabla sijaijua sura yako, kwa sababu nilitaka bomba ulifikie ukiwa umekaa. Ningekuwa napanga kukupeleka kwenye hewa nzuri, ningehangaika na mkono wako wa nini?"

Mama alinyoosha mkono wake wa kulia, akautazama kana kwamba umeazimwa bila ruhusa.

"Nani alikupa urefu wa mkono wangu?"

"Yeye. Alikupima ukiwa umesinzia kwenye kochi."

"Kwa kipimo gani?"

Daktari alitazama dari halisi ya ofisi, ambayo haikuwa na lolote la kumsaidia.

"Kile cha kazini," alisema hatimaye.

"Kile unachopimia nini?"

"Ng'ombe, mama."

Nukta aliuma mdomo. Alijua hapaswi kucheka, kwamba maisha yake yote yapo juu ya meza ile, na kadiri alivyojua ndivyo kicheko kilivyompanda kifuani. Aliinama kuiokota kalamu iliyoanguka, mabega yakitikisika. Huko chini ya meza akasikia sauti ngeni, kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Alipoinua kichwa, mwalimu mkuu mstaafu alikuwa ameshika mbavu, machozi yanapita chini ya miwani.

"Ng'ombe," alirudia mama. "Na mimi nilijiuliza mbona niliota nipo sokoni."

Wakacheka wote watatu, hadi bosi wa Nukta akachungulia kutoka chumba cha pili kuuliza kama mteja ameridhika, akaambiwa na mteja afunge mlango.

Kicheko kilipotulia, Daktari alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Nukta, mkono juu ya bega lake. Hakuuondoa mama alipoutazama. Nukta alihisi uzito wake na joto lake, na akajua kwamba hasira yake itaishi mpaka jioni tu, labda hata jioni haifiki.

Mama alijikaza, akarudi kwenye skrini. Alikitazama chumba kwa muda mrefu: mwanga sakafuni, kiti cha saruji, bomba, na mwanawe mrefu nje ya dirisha.

"Sijasema nimekubali," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nauliza habari za ujenzi tu. Nyumba hii ina mabafu mangapi?"

"Moja," alisema Daktari. "Hili lako."

"Na huyu ataoga wapi?"

Daktari alitazama skrini, kisha mama yake. Mkono wake begani kwa Nukta ukakaza.

"Nimeuliza swali," alisema mama. "Mwanamke aamke asubuhi, asubiri mimi nimalize na goti langu? Mimi nikiingia bafuni nakaa. Halafu naimba, na sitaki maoni ya mtu. Binti, funga hili, limekwisha. Chora la pili."

Nukta alifungua ukurasa mpya. Haukuwa na kitu, mweupe toka pembe hadi pembe.

"Niliweke upande gani wa nyumba, mama? Mashariki au magharibi?"

"Mbali," alisema mama.